Mistari Minne ya Barabarani

Kila siku baada ya masomo, Albertine alifunga kitenge kiunoni, akachukua jembe na kumfuata mama yake shambani, upande wa Kasapa, nje kidogo ya Elisabethville. Ulikuwa mwaka wa 1948, naye alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake alifanya kazi ya reli. Mama Honorine, mzaliwa wa Pweto, ndiye aliyelima.

Shamba lao lilikuwa na sura mbili. Mistari minne iliyotazama barabara ilikuwa mihogo mitupu, imenyooka kama askari kwenye gwaride. Ungeivuka mistari hiyo, ungekuta karanga zimetandaa katikati ya mihogo, zimefunika udongo wote. Wanawake wa pale walilima hivyo kwa sababu serikali iliagiza mihogo ipandwe peke yake. Monitere wa kilimo, Mkongo aliyetumwa kukagua mashamba, alizoea kutazama tu akiwa juu ya baiskeli. Basi mihogo mbele, karanga nyuma, na kila mtu kimya. Albertine aliuchukia ujanja ule. Kama karanga ni nzuri, kwa nini zifichwe kama mali ya wizi?

Siku moja ya Januari, baiskeli ya monitere Adalbert ilipata pancha mbele ya shamba lao. Akaingia ndani kuomba maji, akaziona karanga changa.

"Mama Honorine, hii ni nini?" aliuliza. "Karanga inakula chakula ya mihogo. Mutang'oa yote mbele ya siku ya Mungu, hii Jumapili. Kama hapana, hii shamba tutapatia muntu mwingine."

"Ndiyo, bwana monitere," mama alijibu, macho chini.

Hasira ilimpanda Albertine. Shamba lile ndilo lililowalisha yeye na wadogo zake wanne.

"Hatutang'oa," alisema.

"Mutoto, nyamaza."

"Hapana, mama, minakatala. Bwana monitere, ile mistari ine ya ku barabara tulipandaka kwa macho yenu tu. Kila mwaka tunabadanganya. Lakini ile uwongo yetu inaweza kuonyesha kweli. Muone kule, mihogo ya mwaka jana. Ya ku barabara haikupataka karanga, ya ndani ilipataka. Tuchimbe ya huku na ya kule, tujue kama karanga iliiba chakula."

Mama alishika kichwa. Mtoto alikuwa amewaanika juani, na siri ya miaka mitano imekwisha. Adalbert hakuzoea kujibiwa na watoto.

"Chimba," alisema.

Mama alimsogelea binti yake, akaelekeza kidevu kwenye shina nene karibu na kichuguu. "Chimba ile," alinong'ona.

Albertine alijua kwamba udongo wa kichuguu hunenepesha chochote. Muhogo wa pale ungetoka mkubwa kama paja la mtu, na karanga zingepewa sifa zisizo zao. Alitikisa kichwa. Alikuwa ametoka kuungama uwongo mmoja, hakuwa tayari kupanda mwingine.

"Muchague mwenyewe, bwana monitere."

Adalbert alichagua shina moja barabarani na jingine ndani. Albertine alichimba mpaka jasho likamwingia machoni. Barabarani udongo ulikuwa mgumu, umesongwa na magugu, na shina lilitoa mihogo saba. Ndani, jembe lilizama bila shida. Akahesabu, akahesabu tena. Sita.

"Iko moja pungufu," alisema Adalbert.

"Ndiyo, iko moja pungufu." Alimtazama usoni. "Sitabadanganya tena. Lakini mwaka jana hapa ndani tulivunaka bikapu bine bya karanga. Batoto ba kwetu balikula mpaka balishiba. Ku barabara tulivunaka majani ya pori tu. Muhogo moja na bikapu bine, munachagua nini?"

Adalbert aliinama, akachukua udongo wa ndani na kuuvunjavunja kiganjani. Mama yake mwenyewe, kijijini, alilima hivyo hivyo. Jambo hilo alilijua kabla hajavaa kofia ya serikali, na sasa aliona haya.

"Karanga zibaki," alisema mwishowe. "Nitaandika kama niliona na macho yangu. Muzungu wa kilimo, mukubwa wangu, akibisha, nitamuleta achimbe mwenyewe."

Alipoondoka akisukuma baiskeli, Albertine alingoja kofi. Lakini mama aliketi juu ya tuta, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge.

"Miaka tano ninaogopa huyu muntu," alisema. "Nilificha kitu kizuri sawa mwizi, na leo nilitaka tena kukufundisha uwongo ya kichuguu. Angeijua, shamba ingeenda. Mwanangu, kazi yako ikiwa nzuri, isimamie mbele ya muntu yeyote. Na useme yote, hata ile moja yenye kupungua. Ni ile moja ilimufanya akuamini."

Kisha alisimama, akaokota jembe na kumpa.

"Kamata. Mvua ikirudi, karanga tutaanzia kule ku barabara."