Jina Lililofichwa Pichani

Kila alipotoka shule, Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, alipitia studio ya picha ya shangazi yake. Alifuta vumbi na kupanga fremu, mdomo haupumziki.

Siku moja shangazi alimwazima kamera. Chiriku akampiga picha mama yake, fundi wa kuchomelea vyuma, akiwa ameinua kinyago na kucheka huku jasho likimtiririka. Shangazi aliipenda sana. Akaiingiza kwenye kompyuta na kuandika jina la Chiriku pembeni. Kwa furaha, Chiriku akaituma picha hiyo kwa rafiki yake wa dawati moja.

Siku ya maonyesho ya shule, picha ile ilikuwa ukutani. Lo! Chini yake palikuwa na jina la rafiki yake, na ile pembe yenye jina la Chiriku ilikuwa imekatwa.

"Mwalimu, ni yangu! Huyo ni mama yangu!"

"Ni mama yako, lakini aliyempiga picha ni mimi," rafiki alijibu, macho chini.

Mwalimu akakuna kichwa. Chiriku alikimbilia studio na kumweleza shangazi yote huku akilia.

"Nyamaza, mwanangu," shangazi alisema. "Jina la pembeni waliliona, wakalikata. Lipo jingine wasiloliona. Twende."

Shuleni, shangazi aliifungua kwenye kompyuta picha ile ile iliyokatwa pembe. "Picha imeundwa kwa vidoti vya rangi," alieleza. "Nilibadilisha rangi zake kidogo mno ili ziandike jina la Chiriku, jicho halitambui, nikairudia alama hiyo picha nzima. Ukikata pembe, bado imo."

Akabonyeza kitufe. Jina la Chiriku likajitokeza waziwazi.

Rafiki akaangua kilio. "Nisamehe, Chiriku. Nilitamani nami nisifiwe. Sina kamera."

Hasira za Chiriku zikayeyuka. "Si ungeniambia? Tungeiomba pamoja." Kisha akamkumbatia shangazi yake. "Asante, shangazi. Umenilinda kabla sijajua kuna wa kunidhuru."

Mwalimu akabandika jina sahihi.

"Picha ni jasho la aliyeipiga," shangazi aliwaambia wote wawili. "Ukiitaka ya mwenzio, omba ruhusa na utaje jina lake. Sifa ya kuiba haikai." Akamshika rafiki bega. "Nawe njoo Jumamosi na mwenzio. Kamera ipo. Utapiga yako, nami nitaitia jina lako."