Mpini wa Nne

Ausi, rafiki yangu, fundi magari pale Nachingwea, aliniapia haya. Masika ya mwaka 1953, mjane Mwanaima wa Ruangwa alimletea gari alilofia mumewe akiwa kwenye usukani. Mipini minne ya kuzungushia vioo vya milango iling'olewa siku ya mazishi, ikafungwa kwenye kipande kilichobaki cha sanda.

"Fundi, rudisha mitatu tu. Wa dereva uache humo sandani."

"Mama, mimi sifanyi kazi nusu," Ausi alijibu, akafungua kitambaa.

Mjane alipoondoka mvua ikashika, banda likawa giza mchana. Ausi alifunga mipini mitatu kwenye milango ya gari, akaushika wa nne. Kabla hajaufikisha kwenye mlango wa dereva, kioo cha dereva kikaanza kushuka chenyewe: kri, kri, kri. Akatazama kiganjani. Mpini ulikuwa ukizunguka, polepole, ukifuata mlio ule.