Kamera Iliyotazama Juu

Asubuhi ile jua la Masii lilikuwa pole, na Kimanzi, mwongozaji wa filamu, alikuwa na bashasha. Nyuma ya shamba la mama yake walikuwa wamechimba kaburi la kuigizia. Kamera ingelazwa chini kabisa, lenzi ikitazama juu, ili mtazamaji awaone waombolezaji kwa macho ya marehemu. Mjane angeigizwa na Mwelu, dada yake.

"Kaka, nikilia vizuri utaninunulia nyama," Mwelu alimchokoza, akimtikisia kidole gumba chenye kovu la panga la utotoni. "Mandazi yako tumechoka nayo."

Mama Wanza, jirani aliyekuja kuigiza mwombolezaji, alitumbukiza kipande cha mgomba shimoni.

"Kaburi ikichimbwa haikai bure, mwanangu. Ikikosa mtu, inapewa mgomba. Ukiinyima, inajichagulia."

Kimanzi alingoja mama huyo ageuke, kisha akakiopoa. Kilikuwa kinaziba picha.

Alikwenda kuketi chini ya mchungwa, skrini mbele yake, akatoa ishara waanze. Picha ilipendeza: kuta za udongo mwekundu, anga, nyuso zilizoinama. Mwelu akasogea ukingoni, akaangua kilio.

Ndipo mkono ukaingia kwenye picha.

Ulitokea chini, upande wa lenzi. Ulijaa udongo. Ulipanda polepole.

"Nani yuko ndani?" Kimanzi aliuliza.

"Hakuna mtu," alijibu Ngui, mpiga picha, aliyesimama kando ya kaburi, akichungulia shimoni. "Ni kamera tu."

"Kata."

Mwelu hakusikia. "Kata!" Kimanzi alirudia kwa sauti kubwa. Ngui alizima kamera kwa rimoti. Picha ikaendelea. Kwenye skrini, Mwelu alinyoosha mkono wake taratibu, kama anayemsalimu mgeni.

Vidole vikagusana.

Akaacha kulia.

Walipoitoa kamera, shimo lilikuwa tupu. Kimanzi aliurudisha mgomba kwa mikono yake, akafukia. Mama Wanza alimtazama.

"Kumbe uliutoa?"

Kimanzi aliendelea kusawazisha udongo.

Tangu siku hiyo Mwelu hasemi. Hula akilishwa. Hulala chali uani, macho yakitazama juu, kama aliye chini ya shimo. Amepelekwa hospitali. Ameombewa kanisani. Kimanzi humwita jina lake asubuhi na jioni, naye hageuki.

Jana Kimanzi aliitoa lenzi ya kamera ile aisafishe. Kiooni palikuwa na alama ya kidole gumba. Aliifuta. Haikutoka. Akaielekeza juani, akaona kwamba alama ile ilikuwa upande wa ndani, na katikati yake ulipita mstari wa kovu.

Alikimbilia uani, akamshika dada yake mkono. Kidole gumba kilikuwa laini. Hakikuwa na kovu.

Aliporudi mezani, vidole vingine vinne vilikuwa vimejichora kando ya kile cha kwanza, vimebonyea kiooni, kama vya mtu anayesukuma kutoka ndani.