Kiti chenye Kadi Nyekundu

Walikutana kwenye lango la kiwanda cha viatu, zamu moja ikitoka na nyingine ikiingia, watu wakisukumana. Kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi akamkanyaga binti mwenye aproni ya wakata ngozi.

"Samahani, dada."

"Dada yako umemwacha kwenu. Mimi umenikanyaga tu."

Kijana akacheka. Alikuwa ameajiriwa kupunguza upotevu kiwandani, na kazi akaianzia meza ya binti huyo huyo. Wakawa wanageuza vielelezo vya kukatia juu ya ngozi, wanakosea, wanarudia, mpaka mabaki kikapuni yakapungua. Mapenzi nayo hayakukawia.

Kisha kijana akahamishiwa idara ya soli.

"Usinune, mpenzi. Nitakuja tunywe chai."

Binti akaomba kiti stoo, akakiweka kando ya meza yake, akakifuta vumbi. Kijana hakuja. Soli zilimzidi, akawa anapiga simu tu.

Kiwandani kitu kisichotumika hubandikwa kadi nyekundu, na kisipopata wa kukitetea huondolewa. Siku ya ukaguzi kijana akapita mbio na rundo la kadi, meneja nyuma yake. Binti alikuwa amefuata ngozi stoo. Aliporudi akakuta kadi kitini, mwandiko anaoujua: "Hakitumiki. Kiondolewe." Aliumia, wala tusimcheke.

Jioni simu ikaita mara nyingi kabla hajapokea.

"Mpenzi, kulikoni?"

"Mpenzi wa nani? Si umeshaniandikia?"

"Nimekuandikia nini?"

"Kakisome kiti kilicho mezani kwangu. Akufukuzaye hakwambii toka." Akakata.

Kesho yake, saa ya chai, kijana alikuja na vikombe viwili. Akakitazama kiti, uso ukamshuka.

"Hiki ulikiweka kwa ajili yangu?"

"Kwani mimi nina makalio mangapi?"

Kijana akaketi. Meneja akapita, akasimama.

"Wewe, hapo ni idara yako?"

"Hapana, bosi. Nakitetea kiti. Kinatumika."

Meneja akatikisa kichwa, akaenda zake. Binti alitaka kuendelea kununa, kicheko kikamshinda. Akaibandua kadi.

"Nisamehe," kijana akasema. "Nilikagua vitu vyote, nikasahau kuangalia ni vya nani. Jumapili nataka nije na mama kwenu, tuseme na wazazi wako."

Binti akanywa chai kidogo, akaikunja kadi na kuitia mfukoni mwa aproni.

"Njooni. Ila hii naitunza. Ukianza tena kuniahidi chai ya kwenye simu, nakubandika wewe."