Kitambaa cha Fundi Kola

Walimwita Fundi Kola kwa sababu kola zake hazikupinda hata siku moja. Kila siku saa kumi jioni alifunika cherehani, akanawa mikono, akaketi kando ya kitanda cha mkewe amsomee. Mkewe alikuwa mahututi; hospitali ilikwisha kusema arudi nyumbani tu. Hamu yake ilibaki moja, kujua mwisho wa riwaya waliyoiazima maktaba.

Siku hiyo mke alisikiliza, akacheka mpaka akakohoa.

"Hebu ngoja, Baba watoto. Huyu shemeji si alikufa juzi? Leo anadai chai?"

Loh! Fundi akafunga kitabu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, herufi hazioni. Siku zote hizo alikuwa akifunua kurasa tu na kutunga hadithi kichwani.

"Sioni, mke wangu," akasema, machozi yakimtoka. "Nimekuwa nikikudanganya."

"Nilijua zamani. Lakini nataka kusikia alichoandika mwandishi mwenyewe kabla sijaenda. Nenda maktaba ukaulize."

"Maktaba ni ya wenye macho."

"Nenda, bwana!"

Akaenda, shingo upande. Mkutubi, jirani yao, alimsikiliza, kisha akaelekea kwenye meza ya pembeni. Akavuta kitambaa kilichotariziwa. Chini yake palikuwa na mashine yenye kioo kikubwa.

Fundi akakipapasa kitambaa. "Hiki nilishona mimi! Mliponiagiza nilidhani ni cha televisheni."

"Ndicho hicho ulichoshona. Tuliogopa vumbi, tukaitunza mashine mpaka tukaificha. Makosa yetu, Fundi."

Akaweka ukurasa chini ya mashine. Herufi zikatokea kwenye kioo, nene kama vidole. Akamwonyesha na nyingine, inayosoma kwa sauti kupitia vipokea sauti vya masikioni. Mwisho akatoa kifaa kidogo cha mkononi.

"Hiki cha kukuza maandishi tunaazimisha, kama kitabu. Na macho umepima?"

"Ah, uzee tu."

"Usijitibu kwa mdomo. Pengine ni presha ya macho. Kilichopotea huenda kisirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Nenda mapema."

Kesho yake Fundi alikwenda kupima, na kweli ilikuwa presha ya macho. Akapewa dawa ya matone. Saa kumi akaketi kando ya kitanda na kile kifaa cha kuazima, akasoma neno moja moja, taratibu. Shemeji alikuwa amekufa kweli. Hata hivyo waliendelea, jioni baada ya jioni, mpaka ukurasa wa mwisho.

"Wewe ungeimaliza vizuri zaidi," mke akamtania, sauti imekwisha.

Wiki ile ile walimzika.

Matanga yalipokwisha, Fundi alirudisha kitabu na kile kifaa. "Mpe mwingine," akasema. "Na kitambaa changu nipe."

"Cha nini, Fundi?"

"Nakwenda nacho nyumbani. Mashine hii isifunikwe tena."

Haijafunikwa mpaka leo. Wazee wawili wa mtaani wameiona wakauliza, na sasa nao wanasoma. Ikifika saa kumi humpisha Fundi kiti. Huketi, huweka ukurasa, husoma kwa sauti ya chini, kama yuko kando ya kitanda. Maktaba inataka ukimya, lakini mkutubi hajamwambia anyamaze.