Jina Langu Futa Kila Ukurasa

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, na Theodosia Haule hakuwa mtu wa kutishwa na kosa dogo. Alikuwa amesoma sheria hadi shahada, akaacha mahakama kwa hiari yake, akafungua duka la kupanga na kuchapa vitabu mjini Songea. Na katika kazi zote mbili alishika kanuni moja, kwamba hakuna jambo lisilo na chanzo. Kwa hiyo asubuhi ile, alipoona chini ya ratiba ya misa ya harusi, mahali palipostahili namba ya ukurasa peke yake, pameandikwa Optatus Mbano, hakushtuka. Alitafuta chanzo.

"Damiani, hapa ulitumia kiolezo gani?"

"Kipya, dada. Nimekitengeneza leo." Damiani, mshirika wake, alisogeza kiti, akachungulia. "Huyo si yule mzee wa kitabu cha ukoo? Naona amekuja harusini bila kadi."

Theodosia hakucheka. Mzee Optatus alikuwa amezikwa Mpitimbi wiki tatu zilizopita. Alilifuta jina, akachapa. Karatasi zilitoka safi, ila zilinuka ugoro, kama ule aliozoea kunusa mzee.

Alasiri alimpigia simu mama yake, aliyeishi Maposeni na Oliva, mdogo wake Theodosia. Walizungumza habari za mahindi na za magoti, kisha mama akasita.

"Na yule kaka yenu mkubwa. Anaitwa nani vile?"

"Rupert, mama."

"Rupert," mama alirudia, kama mtu aliyeonjeshwa chakula cha ugenini.

Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja. Hicho nacho kilikuwa chanzo cha kutosha.

Kesho yake jina lilikaa chini ya katiba ya kikundi cha wakulima. Akalifuta, na jioni Oliva akaeleza kwa simu kwamba mama ameshindwa kulitaja jina la marehemu mume wake. Theodosia alichukua daftari, akachora safu mbili: saa ya kufuta, saa ya kusahau. Alijua kwamba mambo mawili kufuatana si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Lakini ilipofika mara ya tisa, na mama amekwisha kupoteza majina tisa, la Oliva likiwa la mwisho, Theodosia aliitazama safu ile akaona kwamba angekuwa hakimu, asingeweza kuitupa.

"Ananiita 'wewe binti,'" Oliva alinong'ona kwenye simu. "Jina lililobaki ni lako tu, dada. Watu hapa wanasema ni mahoka, roho za wafu. Kuna mzimu wa mtu mmekosana naye?"

Wakati huo huo, ndani ya kabati la duka lililofungwa kwa ufunguo, palisikika mkwaruzo wa penseli juu ya karatasi, taratibu, mstari baada ya mstari.

Alipofungua, mkwaruzo ulikoma. Juu kabisa ya mafaili ililala nakala ya masahihisho ya kitabu cha Mzee Optatus, kurasa mia moja themanini na nne za majina ya ukoo wake, aliyoyakusanya kijiji kwa kijiji kwa miaka kumi na mmoja. Kwenye jalada, kwa mwandiko wake wa penseli, palikuwa na agizo: Jina langu futa kila ukurasa.

Theodosia alikuwa amelisoma agizo hilo kama alivyofundishwa kusoma sheria, kwa maana ya kawaida ya maneno. Mzee mnyenyekevu, alidhani, hataki sifa. Akamwondoa kwenye jalada na kila mahali alipotajwa. Mzee alipokabidhiwa kitabu alilowesha kidole, akakipekua chote akitazama chini tu ya kila ukurasa, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, mimi nimeishia wapi?" Akaondoka kabla ya kujibiwa.

Sasa, akiwa amepiga magoti mbele ya kabati, na harufu ya ugoro ikimjaa kooni, alikumbuka yale majuma ambayo mzee alikaa kando yake akifuatilia kazi kwa macho ya mtoto, akijifunza maneno ya ufundi kwa sikio, kwamba maandishi ya juu ya ukurasa mafundi huyaita heda, na ya chini huyaita futa, na jinsi alivyokuwa akilirudia neno hilo na kucheka, futa, futa, kumbe futa ni mahali. Mzee hakuomba afutwe. Aliomba akae chini ya kila ukurasa, miguuni pa wazee wake.

Damiani alimleta Maalimu Sefu kutoka Lusewa, akawaacha ndani, akaenda kuhudumia wateja. Maalimu alifukiza ubani, akasoma dua, akafunga kitabu chake.

"Jini nikimsomea, huondoka," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu si jini, binti yangu. Ni mtu, na anadai chake. Siwezi kumfukuza mtu kwenye haki yake. Mrudishie jina."

Hukumu hiyo Theodosia aliikubali. Alifungua faili la kitabu. Jina lilikuwa limekwisha kutokea lenyewe chini ya kila ukurasa, kwa rangi hafifu ya penseli. Kabla hajaligusa, Oliva akapiga simu: mama ameanguka, anamwita Theo. Akaliacha duka mikononi mwa Damiani, akaondoka.

Njiani alimpigia, akipima kila neno. "Damiani, usifute kitu. Jina la mzee liwe kwenye futa, kurasa zote. Narudia, weka kwenye futa." Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Alijaribu tena mara nne, hakumpata.

Alimkuta mama ameketi kitandani, amefungwa kitambaa kwenye paji la uso.

"Theo wangu," mama alisema, akamshika mkono. Theodosia alilia bila kujificha.

Ndipo simu ikalia kwa ujumbe wa Damiani: Dada nilikupata vipande vipande. Nimeshika jina la mzee, futa, kurasa zote. Tayari, nimefuta zote 184.

Mkono wa mama ulilegea ndani ya wake. Chumba kilinuka ugoro. Mama alimtazama kwa adabu, akasogea kidogo ampe nafasi, kama afanyavyo kwa wageni.

"Karibu, mwanangu. Samahani, macho yamechoka. Wewe ni wa nani?"

Theodosia alifungua kinywa, na sauti iliyomtoka, ya upole, haikuwa ngeni masikioni mwake.

"Mama," aliuliza, "mimi nimeishia wapi?"