Mstari wa Bluu Koridoni

Kompyuta ilikuwa imeibwa, chaja ikaachwa. Hilo ndilo lililomkunjisha uso Inspekta. Mwizi wa kuuza hasahau chaja.

"Nimetoka kunawa mikono tu, Afande. Kurudi, haipo," alisema mpimaji, mama mwenye sauti ya upole na macho ya mtu aliyekwisha kulia chooni akajifuta.

Kazi yake ilikuwa kuyapima makampuni: je, yanazitumia takwimu zao, au yanazikusanya tu? Anahoji watu, anatazama maamuzi yanavyofikiwa, kisha anatoa daraja, kuanzia la kwanza, la chini kabisa, hadi la tano. Kwa wiki tatu alikuwa amewahoji watu wa kampuni hii ya maziwa. Mchana huu alitakiwa kusoma matokeo mbele ya bodi, jioni apande ndege.

"Hukuweka nakala kwingine?"

"Masharti yao. Majibu yasitoke kwenye mashine ile. Yakipotea, nahoji upya. Na nikichelewa kurudi, huko kwetu kazi sina."

Mkurugenzi aliingia akihema. "Afande, kamata walinzi wote! Ndio hao!"

"Una ushahidi?"

"Nina uzoefu."

"Na takwimu?"

"Takwimu muulize Mistari. Ndiye anayelala nazo."

Mistari lilikuwa jina walilompachika mkuu wa takwimu, kwa jinsi asivyochoka kusimulia mistari inayopanda na kushuka. Alisimama mlangoni, shati limenyooshwa pasi kama la bwana harusi.

"Ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Ofisini kwangu."

"Na nani?"

"Na upweke, Afande."

Watu wakacheka. Inspekta naye nusura acheke, ila mkewe alikuwa amehamishiwa kazi mbali, na upweke wa namna ile alikuwa anaujua mpaka harufu yake.

Akatoka koridoni. Ukutani palikuwa na skrini kubwa yenye mistari ya kila rangi. Wafanyakazi walipita mbele yake kama wanaopita ukuta mtupu. Inspekta alisimama. Mstari wa bluu ulikuwa unapanda.

"Huu wa nini?"

"Hayo mapambo ya Mistari," alisema mkurugenzi. "Wageni wanayapenda."

Chini paliandikwa: joto, chumba cha baridi namba tatu.

"Kuna maziwa humo?"

"Kitupu. Kinasubiri mzigo."

"Sasa mbona kinapata joto?"

Mkurugenzi akatangulia kuelekea chumba hicho.

Walikuta mlango umezuiwa kwa kipande cha boksi usijifunge. Nyuma ya kreti tupu ilikuwapo kompyuta, imeviringishwa kwenye sweta la kijivu kama mtoto mchanga.

Inspekta akalishika lile sweta, akawaza. Mwizi gani anaacha mlango wazi ili mali ya wizi isigande? Anayemhurumia mwenye mali. Na nani angethubutu, ilhali skrini inamtangaza koridoni? Anayejua fika kwamba haitazamwi.

Akamwita Mistari ofisini, akaliweka sweta mezani.

"Lako?"

Mistari alianza kicheko, kikamkatikia njiani. "Langu."

"Hukuogopa skrini yako mwenyewe?"

"Niiogope ya nini? Mwaka jana maziwa yaliharibika chumba kizima, mstari umepanda juu kama moshi. Nani alitazama?"

"Ulitaka daraja libadilike?"

"Daraja gani, Afande! La kwanza linatutosha, na hilo lenyewe la kubebwa."

"Basi uliiba kwa nini?"

Mistari alilikunja sweta, akalikunjua.

"Siku ya kwanza aliniuliza mstari ule unasema nini. Nikaanza kumweleza, nikijua ataangalia saa. Akavuta kiti, Afande. Akavuta kiti, akakaa! Mimi nyumbani sina hata wa kuniuliza nimekula nini. Nikasema, majibu yakipotea atahoji upya. Labda angeanzia kwangu."

Mpimaji alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

"Si ungeniomba namba ya simu, kaka yangu," alisema taratibu. "Ningekupa."

Hakuna aliyecheka. Inspekta alitoa pingu.

"Mama, safari ya leo haipo tena. Utaandikisha maelezo, na mahakamani utahitajika. Wewe ndiye shahidi mkuu."

Mistari akainua kichwa. Pingu zilikuwa zimeshamfunga, lakini uso wake ulikuwa umechangamka, kisha ukaona haya kuchangamka.

"Atakaa siku ngapi?" aliuliza.

Inspekta alikuwa na jibu kali mdomoni. Akalimeza.